Mpira wa rejeta: EPDM, silikoni au wa mikunjo? Ulinganisho kwa wenye magari Dar

Ingia duka la spea Gerezani uombe mpira wa juu wa rejeta ya Toyota IST, ule unaopitisha maji kati ya injini na rejeta. Muuzaji akiona unasitasita, atakupangia juu ya kaunta aina nne kwa mpigo. Wa kwanza mweusi, una namba ya kiwanda. Wa pili mweusi vilevile, lakini hauna hata herufi moja. Wa tatu umechomolewa kwenye injini ya mtumba, bado una utando wa kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) ya Japani. Wa nne ni wa bluu, unang'aa, na huo ndio atakaoushika mkononi muda wote anaoongea: "Bosi, chukua silikoni. Ukifunga hii umesahau."

Bei zinapishana sana. Silikoni huwa mara kadhaa ya bei ya mweusi wa kawaida, na watu wengi huamua kwa kuangalia mfuko na rangi tu. Mimi hapa nalinganisha kwa yale yanayoua mpira: joto, maji yaliyomo ndani, mafuta yanayoudondokea kwa nje, na klipu inayoushika. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa gari dogo la petroli lisilo na tabo (turbo), mpira wa EPDM, ile raba nyeusi ya kawaida, uliofinyangwa kwa umbo la gari lenyewe unaishinda silikoni, na sababu si bei peke yake.

Joto la kweli ni nyuzi ngapi?

Hoja kubwa ya muuzaji wa silikoni ni joto, na namba zake ni za kweli. Silikoni huvumilia joto la kudumu la karibu nyuzi 175, wakati EPDM ya kawaida ni kama nyuzi 125. Asichokuambia ni maji ya rejeta yako yanafika nyuzi ngapi.

Thamostati, kile kivalvu kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Gari likitembea, maji hukaa hapo au juu kidogo. Likikwama kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana na AC inapiga, joto hupanda, feni inawaka, linashuka, linapanda tena. Kikomo kinawekwa na mfuniko wa rejeta. Usome: utakuta 0.9 au 1.1, yaani mgandamizo ambao mfuniko unauzuia kabla ya kuachia, takriban sawa na hesabu ya baa, kipimo cha presha. Dar iko usawa wa bahari, kwa hiyo maji matupu kwenye sufuria huchemka kwa nyuzi 100. Chini ya mfuniko wa 1.1 huchemka kwa karibu 120, na kulanti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu hufika karibu 130. Presha ikizidi, valvu ya mfuniko hufunguka na maji yanakimbilia kwenye tanki la akiba.

Kwa hiyo ndani ya mpira hakuna siku yatapita maji ya nyuzi 175. Injini ikifika mahali maji yanachemka chini ya mfuniko mzima, kinachokwenda na maji ni gasketi ya silinda hedi, na hedi yenyewe ikipinda ni balaa jingine. Mpira wa bluu utakuwa mzima kabisa juu ya injini iliyokufa. Anayetaka akiba ya joto bila kuhama EPDM anaweza kutafuta ile iliyoivishwa kwa peroksaidi badala ya salfa, maana hiyo hufika hadi nyuzi 150 hivi.

Joto la nje ni habari tofauti. Mpira unaopita kando ya tabo au mgongoni mwa manifodi ya ekzosi hupigwa na joto ambalo mfuniko wa rejeta hauhusiki nalo. Hapo silikoni inaanza kuwa na kesi ya kusikilizwa, nitaifikia.

EPDM kwa karibu

Ni raba ya viwandani, jamaa wa ile iliyoko kwenye kingo za milango ya gari. Haisumbuliwi na jua, haipasuki ovyo kwa hewa chafu ya mjini, inazoeana na mvuke na kulanti, na haipitishi maji kirahisi. Ndiyo sababu magari mengi yanayoshushwa bandarini yanakuja nayo tangu kiwandani.

Mpira mzuri una matabaka matatu: raba ya ndani, wavu wa nyuzi za poliesta katikati, na raba ya nje. Angalia ncha ulipokatwa. Utaona duara la vitone vyeupe au vya kahawia katikati ya unene wake, hizo ndizo nyuzi, na ndizo zinazobeba presha. Raba peke yake ingevimba kama puto. Unene uwe sawa pande zote. Ukiona upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, urudishe kaunta bila kuona haya. Ukiona ncha haina nyuzi kabisa, huo ni mpira wa kumwagilia maua, haijalishi umepakwa rangi gani.

Kwa Toyota, namba ya spea ya mpira wa juu huanza na 16571 na wa chini 16572, kisha zinafuata tarakimu za injini na modeli yako. IST ya 1.3 na ya 1.5 zina injini tofauti, kwa hiyo usiridhike na "huu ni wa IST". Kwa mipira inayofuata kipimo cha Marekani utakuta imeandikwa SAE J20. Ndani ya kipimo hicho R4 ni ya rejeta, R3 ni ya hita, kile kipasha joto cha ndani ya gari; herufi D-1 inamaanisha daraja la EPDM, na A ni silikoni. Maandishi yanaweza kughushiwa, najua, lakini mpira usio na hata alama moja hauna wa kumuuliza siku ukipasuka.

Adui wa EPDM ni mafuta. Oili ya injini, dizeli, petroli, grisi: vyote huifanya ivimbe na kulegea mpaka ukiibonyeza inabonyea kama maandazi ya jana. Tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) inayovuja ikiachwa kwa miezi, ikawa inadondokea mpira wa chini, ule mpira haufiki mwaka. Kuna na kosa la gereji nyingi: fundi akiona mpira mgumu kuingia kwenye shingo ya rejeta, anachovya kidole kwenye oili chafu na kupaka ndani. Unaingia kweli. Ila ameupaka kitu kinachoula, tena pale pale klipu inapokaa. Maji ya kawaida au kulanti yenyewe yanatosha kuulainisha.

Maji ya kisima na ufa usioonekana

Hapa ndipo Dar inapotofautiana na vitabu vya mwongozo wa gari. Nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima, na sehemu nyingi maji hayo yana chumvi ambayo hata chai inaisema. Maji hayohayo ndiyo yanayojazwa kwenye rejeta asubuhi, kwa kopo, gari likiwa limepungua kidogo.

Chumvi hiyo inafanya mambo mawili. Inakula aluminiamu ya rejeta na ya pampu ya maji. Halafu inayafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi. Raba nyeusi ina kaboni, shingo za rejeta na injini ni chuma au aluminiamu, katikati kuna maji ya chumvi: hiyo ni betri ndogo. Umeme wenyewe ni kidogo mno, lakini ukifanya kazi usiku na mchana huchimba nyufa nyembamba kwenye raba ya ndani, zinazokwenda kwa urefu wa mpira, hasa sentimita chache kutoka kila ncha. Maji yanapenya hadi kwenye nyuzi, nyuzi zinadhoofika, na siku moja mpira unapasuka ukiwa kwa nje bado mweusi, mlaini na hauna mkwaruzo.

Chukua mpira wa zamani uliotolewa kwenye gari, upasue kwa wembe kutoka ncha hadi ncha, kisha ukunje kinyume ili upande wa ndani uwe nje. Katikati utakuta raba safi. Ukisogea karibu na mahali klipu ilipokaa, mistari inafunguka kama mikato ya kisu, imejipanga sambamba, mingine kina chake kinafika kwenye uzi. Mwenye gari akiona kitu hicho mara moja, hamuulizi tena fundi kwa nini mpira "uliokuwa mzuri tu" ulipasuka Kimara.

Kwenye gari ambalo bado linatembea, kipimo ni vidole. Injini iwe imepoa kabisa. Bonyeza mpira kwa kidole gumba na cha shahada katikati yake, halafu bonyeza karibu na ncha. Ncha ikiwa laini kuliko katikati, au ukihisi ndani kama kuna mifereji inayoachana, badilisha hata kama hauvuji. Mpira wa juu, mipira ya hita na ule mfupi wa bayipasi ndio huanza.

Dawa yake si kubadilisha aina ya mpira kwanza. Ni kulanti iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, au ile nzito iliyochanganywa na maji yaliyotolewa madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Na hapa niitendee silikoni haki: yenyewe haipitishi umeme, kwa hiyo ugonjwa huu hauipati. Ila ukiweka silikoni ukaendelea na maji ya kisima, umelinda mpira na kuiacha rejeta iliwe.

Silikoni: inapofaa na inapokuudhi

Sifa zake za kweli ni kwamba haikakamai kwa miaka, inavumilia joto kali la nje, na hiyo ya umeme niliyotaja. Basi au lori linaloshinda barabarani kutwa nzima, lenye injini ya tabo, ambalo likikwama Chalinze linakula mapato ya siku nzima, hilo lifungwe silikoni nzuri na mwenye mali hatajuta. Prado ya dizeli au Forester ya tabo, ile mipira midogo inayopeleka maji kwenye tabo yenyewe, vilevile. Vijana wanaofungua boneti kwenye maonyesho nao wana sababu zao, na rangi ni mojawapo. Sina ugomvi nao.

Kwa mwenye Passo ya kwenda kazini Posta na kurudi Tegeta, hesabu inabadilika. Silikoni hupitisha mvuke wa maji kupitia ukuta wake, mara nyingi zaidi kuliko EPDM. Hakuna tone linaloonekana chini, hakuna unyevu kwenye klipu, ila baada ya miezi kadhaa kiwango kwenye tanki la akiba kimeshuka. Hilo lenyewe halina madhara makubwa kama unakagua na kujazia. Tatizo ni fundi atakayeambiwa "maji yanapungua na hayavuji popote". Jambo la kwanza litakalomjia ni gasketi ya hedi, na akiifungua bure utailipa wewe.

Pili, silikoni inachanika upesi. Ikishapata mkato mdogo, mkato unakimbia. Klipu za kawaida za kukaza kwa bisibisi, zile zenye matundu kwenye ukanda wake, raba hupenya kwenye matundu na kukatwa taratibu kila unapokaza. Silikoni inataka klipu ya ukanda laini ndani, au ile ya bolti. Muuzaji aliyekuuzia mpira wa bei kali akakupa klipu za matundu za bure, amekuuzia nusu ya kazi. Tatu, mafuta: silikoni ya kawaida nayo haipatani na petroli wala oili, kwa hiyo usidhani umeikimbia ile tapeti kava inayovuja.

Nne, na hili ndilo linalowakwaza wengi, silikoni nyingi zinazouzwa kwa magari madogo si za umbo la gari lako. Ni kona za nyuzi 90 na 45 na vipande vilivyonyooka, fundi anaviunganisha kwa bomba la aluminiamu. Mpira mmoja wenye ncha mbili unageuka kuwa vipande vitatu vyenye ncha sita na klipu sita. Kila klipu ni mahali papya pa kuvuja.

Kisha kuna silikoni za uongo: raba nyeusi iliyovikwa ngozi ya bluu. Ya kweli ina rangi hiyohiyo hadi ndani, au angalau tabaka zake zote ni laini na safi ukikata. Kama fundi amepunguza ncha, chukua kile kipande kilichoanguka, ukishike kwa koleo na ukiwashe kwa kiberiti. Silikoni inaungua kwa shida na kuacha majivu meupe ya unga. Raba inatoa moshi mweusi mzito, masizi, na harufu ya tairi inayochomwa. Fanya hivyo nje ya gereji, mbali na petroli.

Zinazobaki

Mpira wa mikunjo wenye waya ndani, ule unaopindwa kufuata njia yoyote, ni wa kukufikisha nyumbani. Unabana, hauna unyumbufu wa kutosha, na kila injini inapotikisika unasukuma shingo ya rejeta. Rejeta za siku hizi zina vichwa vya plastiki. Shingo ikipasuka unanunua rejeta. Waya nao hula kutu toka ncha iliyokatwa.

Mpira wa mafuta, kuziba nafasi ya mpira wa hita kwa sababu kipenyo kimelingana: huo umetengenezwa kwa raba ya kuvumilia petroli, na kwenye maji moto karibu na ekzosi hukakamaa na kupasuka mapema. Kinyume chake ni hatari zaidi, usithubutu kuweka mpira wa maji kwenye njia ya petroli.

Wa mtumba sina mengi ya kusema. IST ya kizazi cha kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Mpira "orijino kutoka Japani" uliotoka kwenye injini yake ni mzee kama gari lenyewe, na ule mpasuko wa ndani niliouelezea huwezi kuuona dukani.

Wenye BMW na Volkswagen wana jambo lao: sehemu kubwa ya njia za maji ni mabomba na viungo vya nailoni vya kubana kwa mlio, na hivyo hukauka vikawa kama biskuti. Hapo badilisha kiungo kizima cha aina ileile. Kulazimisha raba na klipu juu ya plastiki iliyochoka ni kujitafutia.

Mahali mpira unapokaa

Wa juu hupokea maji ya moto zaidi kutoka kwenye injini, na presha. Wa chini una kazi tofauti: pampu inavuta kupitia kwake, kwa hiyo unaweza kunywea ndani injini ikipiga kasi. Baadhi ya magari yana springi ndani ya mpira wa chini kuzuia hilo. Kabla ya kutupa wa zamani, chungulia kama una springi, na kama unayo, mpya nao uwe nayo au uwe na ukuta mgumu. Silikoni nyembamba ya bei rahisi kwenye nafasi hii hunywea kirahisi kuliko EPDM iliyofinyangwa. Ukikuta mpira wa juu umenywea gari likiwa limepoa, usiulaumu: angalia mfuniko, ile valvu ndogo ya kurudisha maji kutoka tanki la akiba huwa imekwama.

Kwa Hiace na zile Noah za zamani zenye injini chini ya viti, safari ya maji ni ndefu. Kuna mabomba ya chuma yanayopita chini na vipande vifupi vya mpira kwenye viungo, na mara nyingi njia ya hita ya nyuma ambayo Dar hakuna anayeiwasha. Fundi hubadilisha mipira miwili ya mbele anayoiona na kuacha ile ya chini, na ndiyo inayopasuka. Hapo nunua mpira wa hita wa EPDM kwa mita, wenye alama, na ukamilishe yote siku moja. Mikunjo mikali isiwekewe mpira wa mita ulionyooka. Utajipinda na kuziba njia.

Klipu za springi zilizokuja na Toyota usizidharau. Injini ya moto hutanua shingo, ikipoa shingo hurudi, na springi inafuata kila hatua. Klipu ya bisibisi hubaki pale ulipoikaza. Ndiyo maana magari mengine huacha tone chini alfajiri, na yakipata moto tone linakoma. Kama za springi bado zina nguvu, zirudishe, nyuma kidogo ya kituta cha shingo. Za bisibisi, kaza mpaka raba ianze kujaa pembeni mwa ukanda, basi. Ukiendelea unavunja shingo ya plastiki.

Ukishafunga, jaza taratibu mfuniko ukiwa wazi, hita imewekwa kwenye moto hata kama unatokwa jasho, injini ikinguruma mpaka thamostati ifunguke na mapovu yaishe. Mpira wa juu ukishapata moto, shika na wa chini, kwa tahadhari ya feni: nao unatakiwa kupata joto. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia tanki la akiba, na klipu za bisibisi uzikaze tena robo mzunguko, kwa sababu raba mpya huwa imeshakaa.